Nyangumi Hangoji Pilau

"Nyangumi hangoji pilau." Mmeisikia leo mkacheka, kisha mkauliza nyangumi na pilau vilikutana wapi. Vilikutana jikoni kwa Bi Mize, na methali ikazaliwa hivi.

Bi Mize alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Marehemu mumewe, mvuvi mtega madema, kila msimu alirudi na habari za nyangumi: mgongo kama paa la nyumba, mkia kama milango miwili. Alimwita mara nyingi waende wakaone. Bi Mize kila mara alikuwa na chungu motoni. "Mwakani," alijibu. Mume akafariki, na mwakani haikufika. Sasa alitaka jambo moja tu: aone alichokiona mumewe, kabla macho hayajafumba.

Basi mpwa wake, nahodha Makungu, akaahidi kumpeleka kwa boti ya mashine. Nyumba nzima ikapata wazimu! Wakagombania nani akae mbele, nani ashike mwavuli, nani apige vigelegele. Mkwewe, Raya, akasema lazima wapike. Kisiwani kule, kutoka bila chakula ni sawa na kufukuzwa.

"Twende majini mikono mitupu, tusemwe?" alisema Raya. "Wasemao wote tutawapakulia!"

Asubuhi ya safari mchele wa pilau ulikuwa ndio kwanza umetiwa, makaa yamepangwa juu ya mfuniko. Mara Makungu akaja mbio kutoka pwani.

"Shangazi! Nyangumi, mama na mtoto wake, nje ya mwamba! Wanapita!"

"Wangoje kidogo," alisema Raya. "Mchele una kiini."

"Niwaambie wangoje kwa lugha gani, shemeji?"

"Mama, usiende na njaa. Watu watanisema mimi!"

Bi Mize alitazama lile sufuria, na moyo ukamdunda kama wa mwari. Alikuwa amelijua lile neno "kidogo" maisha yake yote.

"Raya mwanangu," alisema akijifunga kanga, "leo mtautafuna na kiini chake." Akatoka pekupeku, unga wa viungo bado mkononi.

Nje ya mwamba Makungu alizima mashine. Kimya. Kisha maji yakapasuka karibu nao, likanyanyuka jitu jeusi lenye kung'aa, likapuliza, na mvua ya chumvi ikawalowesha. Ubavuni mwake mtoto akaruka, akaanguka chali. Kwa ukubwa ule, hata macho ya ukungu hayakuweza kukosa kuona. Bi Mize alipiga kelele, akacheka, akalia, akampiga Makungu mgongoni.

"Kumbe mume wangu hakuwa akitia chumvi!"

Walipokuwa wakirudi wakakutana na boti ya pili: Raya na jamaa wote, sufuria limefungwa kwa kanga, harufu ya karafuu imetangulia.

"Wako wapi?" Raya aliuliza akisimama, boti ikayumba.

Bahari ilikuwa shwari hadi upeo wa macho. Wakangoja, wakangoja, boti ubavu kwa ubavu, mwishowe wakafungua sufuria. Pilau ilikuwa tamu, hakuna aliyekana, lakini Raya alikula akitazama maji.

"Mama, ungenivuta tu kwa nguvu," alisema.

Bi Mize, kanga yake bado ikidondosha maji, akamsogezea mnofu.

"Kula, mwanangu. Mimi nilikula pilau miaka yote ya ndoa yangu. Nyangumi hangoji pilau."