Pimbi na Upande wa Kushoto wa Kiboko

Masikio yako wapi?
— Yako kichwani!
Na midomo?
— Imefungwa!
Mbona naisikia? Haya, ifungeni kweli, maana mimi hadithi siirudii, hata unihonge karanga.

Hapo kale wanyama wa Bonde la Matope walikuwa na ghala moja. Mwenye kazi alitia nafaka humo. Aliyepoteza kazi alipewa kibaba kila siku ya gulio, ale na wanawe mpaka apate nyingine. Na babu zao waliacha neno: ukipata kibarua cha nusu, chukua nusu kibaba mpaka usimame sawasawa.

Mlinzi wa ghala alikuwa Kiboko. Tumbo lilifika mlangoni kwanza, yeye akafuata baadaye. Kila aliyekuja alimnusa mikono. Fu! Fu! Fu! Mkono ukinuka kazi, hata ya kuokota kuni, alifoka, "Una kazi wewe! Toka!"

"Lakini mzee, ni kibarua cha asubuhi tu. Nusu yangu je?"

"Nusu siijui! Mtu ana kazi au hana. Toka!"

Na kibaba cha aliyefukuzwa kilikwenda wapi? Gubu! Tumboni kwa Kiboko.

Basi wanyama wakaiogopa kazi. Kanga akakaa. Nungunungu akakaa. Hata Mchwa, jamani, Mchwa! Akakaa.

Sasa mtazameni Pimbi, kale kanyama kadogo kasiko na mkia. Kazi yake ilikuwa kupiga ukelele mlimani chui akitokea. Chui akahama, kazi ikafa. Pimbi hakulia. Alianza kazi yake mwenyewe: kung'oa ruba kwenye miili ya wanaotoka mtoni. Malipo yalikuwa viazi vidogo, na watoto walivimaliza kabla havijapoa.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "viazi havitoshi, na ghalani utanuka ruba. Acha hiyo kazi, tusife njaa."

"Siachi, mama watoto. Leo Kiboko mwenyewe atatangaza nusu ni nini."

"Wewe? Na kimo hicho?"

"Kimo hiki hiki."

Ilikuwa siku ya gulio; akapanga foleni. Fu! Fu! Fu!

"Unanuka ruba! Una kazi! Toka!"

Pimbi hakutoka. Alichungulia mgongo wa Kiboko. "Mjomba, ruba wamekujaa! Wanakunywa kama wako harusini."

Kiboko alikuwa hajalala kwa kuwashwa. "Nitolee, Pimbi! Nitakupa kibaba kizima, wote hawa mashahidi."

Pimbi akaparamia mgongo. Kwangu! Kwangu! Kwangu! Akasafisha upande wa kulia, kuanzia shingoni mpaka makalioni. Kila ruba akamweka kwenye jani. Kisha akateleza chini, swiii, akafuta mdomo.

"Tayari. Lete kibaba."

"Tayari nini? Huku kushoto wananimaliza!"

"Mjomba, mtu ametolewa ruba au hajatolewa. Wewe umetolewa. Nusu siijui."

Kanga akaangua kicheko. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kiboko akavimba kwa hasira. "Usinichezee! Umefanya nusu! Nitakupa nusu kibaba, hata punje haizidi!"

Pimbi akatega sikio. "Rudia, mjomba. Wa nyuma hawajasikia."

"Nusu kazi, nusu kibaba!"

"Heee!" wanyama wakapaza sauti. "Amelitamka! Nusu kazi, nusu kibaba!"

Hapo Kiboko akagutuka. "Ngojeni, sikuwa na maana hiyo. Narudisha maneno yangu."

"Rudisha," Pimbi akasema, akiinua lile jani. "Nami nirudishe ruba. Ninao wote hapa."

Kiboko akanywea kama kiriba kilichotoboka. Mlango ukafunguliwa, nafaka ikapimwa. Waliokaa wakarudi kwenye vibarua bila hofu: Kanga nusu, Nungunungu nusu, Mchwa nusu. Pimbi siku hiyo alipata nusu kibaba cha ghala na nusu kibaba cha ujira, akaondoka kifua mbele, kibaba kizima kichwani.

"Na kushoto kwangu?" Kiboko akalia.

"Gulio lijalo, mjomba. Mimi ni mfanyakazi wa nusu."

Hadithi yangu imeshiba, imelala. Atakayeiamsha aipikie.

Na funzo ndilo hili, watoto wazuri: kazi ukiianza, imalize yote. Pimbi hakumaliza, na mmeona yaliyompata. Alishiba.