Shindano la Fundi Kasoga

Fundi Kasoga alipogombana na chama cha wafuga nyuki wa Sikonge, aliizima tovuti aliyowatengenezea, iliyokaa kwenye kompyuta yake, akagoma kutoa nywila. Wanunuzi wa asali wakaanza kupotea.

"Nifanyeni mwenyekiti wa maisha," alisema, "la sivyo asali yenu mle wenyewe."

Kesho yake Nyamizi, katibu wa chama, alimjia na fomu mkononi, uso wa msibani.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kukupa pole. Kuna shindano la tovuti bora, ila watu wanasema yako imejaa makosa, utaaibika."

"Makosa? Nani kasema?"

"Wote. Hata mkweo."

Kasoga aliinyakua fomu. Ilitaka tovuti nzima ihamishiwe kwenye kompyuta ya majaji, pamoja na nywila zote, ili waikague mpaka uvunguni.

"Mwisho lini?"

"Leo saa kumi. Usijisumbue, fundi, huwezi kuwahi."

Kasoga hakula mchana. Saa tisa na nusu tovuti ilikuwa kwa majaji, hata picha zilizoharibika tangu mwaka juzi amezitengeneza.

Ijumaa aliitwa mbele ya chama, akapewa cheti cha mshindi wa kwanza na kindoo cha asali.

"Wa pili nani?" aliuliza, kifua mbele.

"Hakuna. Ulishindana peke yako," alisema Nyamizi, "na majaji ni sisi." Akamwonyesha simu: tovuti ilikuwa hewani, kwenye kompyuta mpya ya chama. "Nywila tumeshabadilisha, fundi, usije ukaumia kichwa kuikumbuka."