Barua Mbili Juu ya Kabati

Kimya hakipandishi mahari.

Mmeisikia mchana huu, pale mwenzenu Twaha alipokuwa akilalamika kwamba mwaka wa tatu huu bosi wake hamwongezi mshahara. Akaulizwa kama amewahi kuomba, akainamisha kichwa. Mama mmoja akamtupia maneno hayo, watu wakacheka, na nyie mmekuja kuuliza mahari imeingiaje kwenye habari za mshahara. Swali ni la haki. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani, na wala haikutoka mbali. Ilianza hivi.

Palikuwa na fundi cherehani mjini Korogwe, akiitwa Mzee Singano. Kushona alijua, lakini sifa yake haikuwa kwenye kushona. Sifa yake ilikuwa posa. Mtu mwenye binti akiletewa barua ya posa, kabla hajaifungua alimtafuta Mzee Singano awe msemaji wa upande wa mke. Naye alikuwa na njia moja tu, aliyoirithi kwa baba yake: barua ya kwanza haijibiwi. Inawekwa juu ya kabati, inakaa. Wiki, wiki mbili, hata mwezi. Akikutana na wenye posa njiani, huwauliza habari za mvua.

"Posa ya kwanza ni hodi," alikuwa akisema. "Ya pili ndiyo mgeni."

Na kweli, wenye posa walirudi na barua ya pili na mahari iliyonenepa. Katika miaka ishirini na saba njia hiyo ilimwangusha mara moja tu, kwa posa moja kutoka Magoma, na hao alisema hawakuwa watu wa maana tangu mwanzo. Mtu wa namna hiyo akijiona kidogo, nani atamlaumu?

Mzee huyu alikuwa na kitinda mimba wake, Hidaya. Hidaya alikuwa na jambo moja moyoni, nalo ni kusoma sheria. Lilimwingia akiwa na miaka tisa, siku alipomsindikiza bibi yake mzaa mama kwenye baraza la ardhi. Shamba la bibi la kando ya mto lilikuwa linagombewa na jirani. Mwenyekiti wa baraza akamuuliza bibi kama ana la kusema. Bibi alikuwa na mengi ya kusema, Hidaya aliyajua yote, lakini bibi alitazama chini akajibu kwamba hana. Shamba likaenda. Tangu siku hiyo mtoto huyu alitaka kuwa mtu wa kusimama pembeni ya watu kama bibi yake na kusema.

Akasoma, akafaulu vizuri sana. Akaomba vyuo viwili vyenye kitivo cha sheria. Majina yake yana wenyewe. Sisi tuviite chuo cha Pwani na chuo cha Bara. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa ikaja barua kutoka Pwani: wamempokea, na watamlipia nusu ya ada kwa miaka yote ya masomo. Wiki moja baadaye ikaja ya Bara: wamempokea, na watamlipia ada yote. Kila barua ilitaka jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Hidaya alikuwa akikitaka chuo cha Pwani, maana wanafunzi wa huko hutoka na mawakili kwenda kwenye mabaraza ya ardhi kusaidia watu wasio na uwezo. Lakini nusu ya ada iliyobaki haikuwepo nyumbani, hata cherehani ikiuzwa na meza yake. Akampelekea baba barua zote mbili.

Mzee Singano akavaa miwani, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, uso ukamkunjuka kwa furaha. Posa mbili kwa binti mmoja, na zote za watu wenye majengo. Akapanda kwenye kiti, akaziweka barua juu ya kabati.

Hidaya akamwambia kwa adabu kwamba zina tarehe ya mwisho. Baba akacheka. Alisema hajawahi kuona mwenye posa asiyejidai ana haraka. Wanyamaziwe, wahangaike, wataandika tena, na Pwani wakisikia Bara wamefika watapanda wenyewe. Hidaya alitaka kuuliza Pwani watasikia kwa nani, lakini baba ni baba, na baba huyu alikuwa bingwa wa mambo hayo. Akanyamaza.

Siku zikapita. Kila akirudi kutoka posta mikono mitupu, Hidaya alikitazama kile kiti na lile kabati, roho ikimwuma. Usiku alikuwa akihesabu siku kwa vidole, halafu anajiambia kwamba baba anajua zaidi. Ikafika Jumanne ya wiki ile ya mwisho.

Asubuhi hiyo mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa uani akikaanga vitumbua, Hidaya akimpokezea sahani. Mzee Singano akatoka na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kigoda.

"Baba Hidaya," mama akaanza bila kuinua macho kwenye kikaango, "zile barua umezijibu?"

"Zinaiva."

"Zinaiva au zinaoza?"

Mzee akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. "Mama Hidaya, hii ndiyo kazi yangu. Umesahau posa ya binti wa Mzee Kupaza? Siku ishirini na mbili barua ilikaa pale juu. Mahari ilipandaje?"

Bi Mwanaidi akageuza kitumbua, kisha kingine. Halafu akaweka kijiti chini.

"Siku ya ishirini," alisema, "nilijitanda kanga nikaenda kwa shangazi wa yule kijana na sahani ya vitumbua. Nikamwambia, kijana wenu anapendwa, lakini binti yule ni mwalimu, na kiasi mlichoandika kitawatia aibu wenyewe siku ya kusomwa mbele za watu. Ongezeni, mtajibiwa. Siku mbili baadaye ikaja barua ya pili."

Mzee Singano akashusha kikombe. "Na ya kwa Mntambo?"

"Hivyo hivyo. Pale nilikwenda mara mbili, mama wa kijana mgumu kuelewa."

"Posa zote?"

"Zote. Ila ile ya Magoma. Ile nilikuwa wodini, ndiyo siku nilizomzaa huyu. Na hao hawakurudi, au umesahau?"

Hidaya hakujua atazame wapi.

"Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unafurahi, na mabinti walikuwa wanaolewa," mama aliendelea, na sauti yake ilikuwa laini sasa. "Lakini leo ni mwanangu. Kimya hakipandishi mahari, Baba Hidaya. Anayepandisha ni anayesema. Na huko chuoni mimi simjui shangazi wa mtu yeyote wa kumpelekea vitumbua."

Mzee Singano alibaki pale kwenye kigoda mpaka chai ikapoa. Aliona haya, aliona haya kweli, na Hidaya alimwonea huruma kuliko alivyowahi kumwonea mtu. Kisha mzee akainuka, akaingia ndani, wakasikia kiti kikiburutwa. Alipotoka alikuwa na barua mbili mkononi, anazipangusa vumbi kwa kiganja.

"Nipigieni kanzu pasi," alisema. "Kesho tunakwenda Pwani."

Jumatano kabla ya adhuhuri walikuwa wamekaa mbele ya mkuu wa kitivo cha sheria, Dakta Mbonea, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Mzee Singano akaanza kama ajuavyo. Akasalimia kwa niaba ya ukoo, akashukuru kwa heshima waliyopewa, akasema kwamba panapopita ugeni mmoja hupita na mwingine, na mwenye nyumba huangalia mgeni aliyekuja kwa uzito. Dakta Mbonea akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Mzee wangu, nimekusikia, na maneno yako ni mazuri," akasema. "Lakini atakayekaa darasani ni huyu binti. Naomba nimsikie yeye. Una la kusema?"

Hidaya akatazama chini. Aliviona viatu vyake na sakafu, na papo hapo akamkumbuka bibi yake akiitazama sakafu ya baraza, akiulizwa maneno hayo hayo. Akainua uso.

"Ninalo," alisema. "Nataka kusoma hapa. Nilipachagua kabla hamjaniandikia, kwa sababu ya kazi mnayofanya kwenye mabaraza ya ardhi. Nusu ya ada mliyonipa nashukuru sana, ila nusu iliyobaki nyumbani hatuna, na hatutakuwa nayo. Hii hapa ni barua ya chuo kingine. Wao wananilipia yote." Akaisukuma barua mezani, kisha akaongeza, "Ila wana sharti, liko ukurasa wa pili. Mwaka wowote nikishuka chini ya daraja walilotaja, wanaacha kulipa. Nimeona niseme na hilo."

Mzee Singano akakohoa. Katika miaka yake yote ya posa hakuwahi kumtajia mtu kasoro ya mshindani wake. Lakini Dakta Mbonea alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua, akasoma na wa pili, akaiweka barua taratibu.

"Wengi huniletea ukurasa wa kwanza peke yake," alisema. "Sasa na mimi nikwambie ukweli. Barua yetu ilitoka hapa tarehe mbili. Hatukusikia neno, tukajua umekwenda kwingine. Tuna fungu la nyongeza kila mwaka. Ungekuja wiki mbili zilizopita ningekulipia yote. Wiki iliyopita limekwenda kwa wanafunzi wawili walioomba. Si kwamba walikushinda. Waliomba tu. Kilichobaki kinakufikisha robo tatu ya ada."

Mzee Singano akafumba macho.

Hidaya naye lilimchoma, lakini alishaanza kusema na hakutaka kurudi nyuma. Akauliza kama ipo kazi anayoweza kufanya ili kuziba robo iliyobaki. Dakta Mbonea akafikiri, akasema kituo chao cha msaada wa sheria kinatafuta mtu wa kukaa na wenye mashauri jioni, kuwasikiliza na kuandika maelezo yao kwa Kiswahili kinachoeleweka. Malipo yake yangetosha. Hidaya akakubali kabla mkuu huyo hajamaliza. Halafu akaomba jambo moja zaidi: iandikwe kwenye barua kwamba mwaka mmoja akiteleza, hataachwa kulipiwa papo hapo, atapewa mwaka wa kujirekebisha.

"Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniomba hilo," alisema Dakta Mbonea.

"Nalo linawezekana?"

"Kwa vile umeliomba, naona linawezekana." Akamwita karani aje kuandika barua mpya.

Njiani kurudi walifika karibu na Muheza. Ndipo mzee alipomwambia binti yake, "Ile robo nimeipoteza mimi." Hidaya akamjibu kwamba na yeye alinyamaza, na aliijua tarehe. Wakagawana lawama hivyo, kila mmoja akachukua yake, na safari ikawa nyepesi.

Jambo moja alilifanya Mzee Singano kwa ufundi wake wote. Kesho yake alikaa na Hidaya wakawaandikia chuo cha Bara, maana asiyeolewa na mtu hana sababu ya kumtukana. Waliwashukuru kwa heshima, wakaeleza binti amekwenda wapi na kwa nini, wakawaombea heri, na wakaomba nafasi ile apewe mwingine mapema asije akaikosa kwa kusubiri. Barua ikapigiwa mhuri posta siku hiyo hiyo, kabla ya Ijumaa.

Hidaya akaenda Pwani. Jioni alikaa kituoni na daftari, na wazee waliokuja wakitazama sakafu aliwasubiri, akawauliza tena, mpaka wakasema. Mwaka wa pili aliteleza kidogo, mwaka uliofuata akasimama. Barua ilikuwa imeandikwa.

Na nyumbani Korogwe, mwaka ule ule alioondoka, ilikuja posa kwa jirani yao, Mzee Mhando. Kama kawaida akatafutwa Mzee Singano awe msemaji. Watu wa ukoo na wenye posa wakajaa ukumbini kwa Singano, barua ikatolewa, wote wakageuza macho kwenye kabati wakingoja aiweke juu. Mzee hakusimama. Aliifungua pale pale, akaisoma kwa sauti, kisha akatazama kule nyuma mlangoni walikosimama wanawake.

"Mama Hidaya, njoo ukae hapa," alisema. Watu wakasogea, Bi Mwanaidi akaja akakaa kando yake, mbele za watu wote, mahali ambapo hakuwahi kukaa kwa miaka ishirini na saba. "Kimya hakipandishi mahari. Nimefundishwa na huyu. Waambie tunataka nini, nao waseme wana nini, jua likizama kila mtu awe anajua lake."

Siku ile ndipo maneno hayo yalipotoka nyumbani kwa Singano. Ukumbi mzima uliyabeba, yakaingia sokoni, yakafika maofisini, na leo mmerushiwa na nyie.

Haya, Twaha. Bosi wako huingia ofisini saa ngapi? Saa mbili. Basi kesho saa mbili kasorobo uwe mlangoni, shati limepigwa pasi, ujue unachotaka na kwa nini. Kimya hakipandishi mahari.