Farasi Aliyeketi Njiani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko yao na majirani wa kuwasema, aliishi Nguchiro mmoja mlimani pamoja na mama yake. Nguchiro mnamjua: kiwiliwili kidogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Nanyi tulieni, maana mimi sirudii.

Mwaka huo kijito cha mlimani kikakauka. Maji yakabaki kwenye kisima cha bondeni, na kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Nguchiro alikuwa akijitwika kibuyu, akipanda, akiteleza, akimwaga, na akifika nyumbani kimebaki nusu.

"Mama, tuhamie bondeni," alisema siku moja huku akijikanda shingo.

"Kwa miguu ipi?" Miguu ya mama ilikuwa imevimba, hata kufika uani alishikwa mkono. "Hama wewe, mwanangu. Mimi niache hapa alipozikwa baba yako."

Nguchiro akaumia moyoni. Kumwacha mama hawezi, na maji ya nusu kibuyu hayamtoshi mama. Kilichobaki ni kutafuta farasi wa kubeba maji, tena farasi wa bei ya mtu asiye na kitu.

Akakunja mkeka wa wageni, ule mama aliousuka akiwa mwali, akashika njia kwenda kwa Bwana Nyati, mfuga farasi.

"Huyu mweupe unamtoaje?" akauliza.

"Ghala zima la mtama."

"Na huyu mwekundu?"

"Ghala la mtama, na asali juu yake. Wewe umeleta nini?"

"Mkeka."

Nyati akacheka mpaka nundu ikamtikisika. Tangu lini nyati akawa na nundu? Siku hiyo alikuwa nayo, kwa kula vizuri. Usinikatize.

"Na yule wa kijivu kule pembeni?" Nguchiro akauliza.

"Yule ni hasara tupu. Nilimchukua kwa marehemu Mzee Kobe. Mwili mzima, meno yote yapo, lakini ukimpanda anakwenda kidogo halafu anaketi kitako katikati ya njia. Nimemfokea, nimemchapa, nimemnyima majani. Anaketi tu." Nyati akapiga mwayo. "Mtazame ukitaka. Mimi nakwenda kunywa uji."

Nguchiro akasogea pale pembeni. Mtoto aliyelelewa na mama yule asingeweza kusimama mbele ya mtu mzima akiwa bubu.

"Shikamoo, mzee."

Masikio ya Farasi yakasimama wima. "Marahaba, marahaba! Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, ila miguu inamsumbua."

"Ooh, mpe pole. Na kule kwenu maji yapo?"

Wakaendelea hivyo, wakaulizana habari za majani, za kupe, za mvua isiyokuja, hadi Nguchiro akapata nafasi ya kuuliza lake.

"Mzee, kwa nini unaketi njiani?"

Farasi akashusha sauti. "Mimi nimelelewa na Kobe. Kobe hakumpita kiumbe bila kumjulia hali. Sasa huyu Bwana Nyati ananipitisha mbele za watu, wanamwamkia, hajibu. Naona aibu mwanangu, magoti yananilegea, naketi."

"Hukumwambia?"

"Hajanisalimia hata siku moja. Ningeanzia wapi?"

Nguchiro akataka kucheka, lakini akamkumbuka mama na kiu yake. Nyati aliporudi akijilamba uji mdomoni, alimkuta Nguchiro ameshika tama.

"Ugonjwa huu naujua," Nguchiro akasema kwa huzuni. "Marehemu shangazi yangu alikuwa nao. Aliketi, aliketi, mwisho ukoo mzima ukaketi."

"Unaambukiza?" Nyati akashtuka.

"Sijasema mimi. Ila yule mweupe naona ameanza kukunja goti."

Nyati akamtazama farasi mweupe. Kweli, alikuwa amekunja goti akifukuza inzi, kama afanyavyo farasi yeyote.

"Mchukue huyo wako!" Nyati akafoka. "Lete mkeka, mwondoke hapa upesi!"

Basi Nguchiro akapata farasi. Lakini kumpata ni jambo moja, na kumtumia ni jambo lingine. Siku ya kwanza waliposhuka kisimani walikutana na Kanga, na Farasi akamjulia hali kifaranga mmoja mmoja kwa jina. Wakakutana na Panya, wakazungumza habari za mkwewe. Waliporudi nyumbani jua lilikuwa linazama na mama alikuwa akilamba midomo mikavu.

"Mzee," Nguchiro akamwambia, "hivi mama atakufa na kiu huku sisi tunaulizia vifaranga."

Farasi akainamisha kichwa. "Nifanyeje, na mimi ndivyo nilivyofundishwa?"

"Nitakufundisha upya. Tutasalimia huku tunatembea. 'Hamjambo? Hatujambo! Tutaonana jioni!' Na miguu inaendelea."

"Huko ni kumtupia mtu salamu kama ganda la ndizi."

"Ndiyo maana jioni tutawarudia wote, tukae nao mpaka useme basi."

Haikuwa rahisi. Farasi alikuwa akisalimia akitembea, halafu roho inamsuta, anageuka nyuma kuuliza, "Na yule wa mwisho, kikohozi kimepona?" Nguchiro hakumchapa wala hakumfokea. Alimwongoza tena polepole, na kila jioni akatimiza ahadi ya kuwarudia majirani. Mwishowe Farasi akaamini. Kwatu, kwatu, kwatu, akawa anashuka bondeni na kupanda na mitungi imejaa pomoni, salamu zikienda kulia na kushoto. Mama akanywa maji, akakoga, hata uvimbe wa miguu ukaanza kupungua.

Bwana Nyati akamwona Farasi akipita na mitungi yake. Siku ile ile akapanda mlima, akaingia uani kwa mama Nguchiro bila kupiga hodi.

"Umenidanganya! Shangazi gani aliyekuwa akiketi?"

"Marehemu," Nguchiro akajibu.

"Farasi wangu ni mzima. Namtaka, na usiponipa nitamchukua kwa pembe."

Mama akashika kizingiti. Nguchiro akamsogezea kigoda. Kwa nguvu hawezi kushindana na Nyati, jino kwa pembe wapi na wapi.

"Tusigombane, bwana," akasema. "Kesho asubuhi njoo umpande. Akikufikisha kisimani, ni wako, na mkeka usirudishe. Asipokufikisha, hutamdai tena, na sisi wadogo tutateka maji kabla wewe hujaoga humo na kuyavuruga kama ufanyavyo kila asubuhi."

"Kesho asubuhi," Nyati akasema, akaondoka kama alivyoingia, bila kuaga.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ndogo, "akifika kisimani, mimi nimekwisha."

"Hafiki, mama."

"Una hakika gani?"

"Amepita mbele yako mara mbili leo. Amekwambia nini?"

Mama akafikiri kidogo, kisha akaanza kucheka.

Kulipokucha, Nguchiro akatangulia kwa njia ya mkato, akawapitia wadogo wote. Hakuwaambia waweke mtego wala wachimbe shimo. Aliwaambia hivi tu: "Bwana Nyati anapita. Mwamkieni vizuri, kwa heshima zote." Kisha akajificha kichakani.

Kwatu, kwatu, Nyati akaja mgongoni mwa Farasi, kifua mbele. Kwenye kona, pale njia inapoinama, Panya alikuwa amesimama na wanawe.

"Shikamoo, Bwana Nyati," Panya akasema.

Farasi akasimama. Hakuketi. Akatulia tuli, akimngoja aliye mgongoni, maana mzee yule hakutaka kumwonea mtu. Neno moja tu lilitosha. Angesema "marahaba", farasi angekuwa wake.

Nyati akafumbua mdomo. Kule kichakani Nguchiro akauma mkia wake mwenyewe.

Aaaah. Nyati alikuwa anapiga mwayo.

"Toka njiani, kidudu wee," akasema.

Farasi akaketi kitako. Nyati akateleza mgongoni, akapita juu ya mkia, akabingirika pu, pu, pu, akaishia pwata! katikati ya upupu. Kama hujawahi kuguswa na upupu, mshukuru Mungu. Akajikuna tumbo, akajikuna mgongo, akajikuna mahali ambapo mbele ya watoto sitapataja.

"Ana nini huyu farasi?" akalia. "Nguchiro, toka huko! Mbona wewe anakubebea maji?"

Nguchiro akatoka, na sasa hakuona sababu ya kuficha. "Hampiti mtu bila salamu, bwana. Kila siku ulitusikia tukisalimiana njia nzima."

"Nilizisikia kelele," Nyati akasema. "Sikujua kama ndizo."

Akamgeukia Farasi. Akakohoa, akameza mate, akajaribu. "Hu... huja... Hujambo?"

"Sijambo, Bwana Nyati," Farasi akajibu kwa upole. "Nimekaa kwako mpaka nimeota mvi, na leo ndiyo umeniuliza."

Nyati akainuka, akateremka kisimani kwa miguu yake akijikuna, na alipofika akakuta wadogo wamepanga vibuyu. Akangoja zamu yake. Farasi akajazwa mitungi, akapanda mlima, kwatu, kwatu, na mama alikuwa mlangoni na kata ya kunywea mkononi.

Nami nimefika nilipokuwa nakwenda, msinidai zaidi ya hapa: ukitaka mtu akubebee mzigo wako, mjulie hali kwanza.