Kiti cha Bi. Kindi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana mihuri ilikuwa imekwisha kugunduliwa, wanyama waliishi katika nyumba zenye milango na makochi, na karibu kila nyumba ilifuga kobe.

Msiniulize kobe alikuwa na kazi gani. Hakubweka, hakukamata panya, hakuvuta mkokoteni. Alipendwa tu, wanangu. Kuna viumbe kazi yao ni hiyo.

Katika Kata ya Nyasi Ndefu aliishi Bi. Kindi. Alikuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kumtia kwenye kikombe na nafasi ya sukari ikabaki. Lakini mikono yake haikujua kutulia. Kutwa alishika sindano yake ya kroshia, ile yenye ndoano nchani, akifuma vitambaa. Makochi yake yalivaa vitambaa mgongoni na mikononi. Redio ilivaa. Mtungi ulivaa kofia, chupa ya chai ikavaa sketi. Hata kitambaa cha meza kilikuwa na kitambaa chake, cha kukikinga na vumbi.

Na Nyasi Ndefu kulikuwa na desturi moja: mgeni hafunui kitambaa cha mwenye nyumba. Anaweza kukisifia, anaweza kukikalia, anaweza kuuliza uzi umepatikana wapi. Kukifunua, hapana, ni sawa na kuchungulia chumbani. Kuna wageni waliokaa na njaa mchana kutwa mbele ya hotipoti lililofunikwa vizuri, kisha wakaaga kwa heshima wakaenda zao.

Kobe wa Bi. Kindi aliitwa Kigae. Alijua kusema, ila alisema kwa nadra, kwa sababu kila alipopata jibu alikuta swali limekwisha kuondoka.

Ijumaa moja asubuhi Bi. Kindi alimwonyesha madonge mawili ya uzi.

"Kigae, mwanangu, nataka kukufumia shuka la baridi. Nitumie rangi gani? Bluu au njano?"

Kigae akafumba macho akafikiri. Alikuwa bado anafikiri mlango ulipogongwa, ngo ngo ngo, na jirani yao Bi. Kanga akaingia, manyoya yamesimama.

"Shoga, mfiche."

"Karibu kwanza. Nimfiche nani?"

"Huyo! Mtendaji Kiboko na karani wake Fisi wanapita nyumba kwa nyumba. Soma mwenyewe."

Akamkabidhi karatasi. Bi. Kindi akasoma kwa sauti:

"Tangazo. Kwanza, kobe wote wa Kata wapelekwe ofisini wakahesabiwe. Pili, kobe atakayekutwa nyumbani atachukuliwa bila mjadala. Tatu, mtumishi wa ofisi haruhusiwi kukalia, kulamba wala kula mali ya mwananchi iliyokwisha kusajiliwa." Akainua uso. "Hili la tatu limetoka wapi?"

"La mwaka jana. Hukumbuki viatu vya ngozi vya Mwalimu Ngiri? Fisi alikwenda kuviandikisha, akarudisha kamba. Tangu siku hiyo Mtendaji analinakili chini ya kila tangazo, kama vile anavyoandika tarehe. Hata halisomi."

"Basi nitamsajili Kigae."

"Unafikiri mimi sikujaribu? Jumatatu nimempeleka kobe wangu, wakaniambia kobe hasajiliwi, kobe anahesabiwa. Nikamwacha ahesabiwe. Leo Ijumaa. Stoo yao ina kobe tisa, shoga. Kuhesabu hadi tisa kunachukua siku tano?"

Bi. Kindi akaacha kufuma. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Na jikoni kwao kukoje?"

"Sufuria la mikutano limesuguliwa. Vitunguu vimemenywa. Wamekwama kwenye kuni tu. Kibali cha kuni kinasubiri saini, na Mtendaji husaini vibali Jumamosi."

Nje, kwa mbali, ukasikika mguu wa Kiboko: pu... pu... pu.

Bi. Kindi alinyakua donge la bluu, si kwa kuchagua, ila ndilo lililokuwa karibu. Sindano ikaanza kazi: chwi, chwi, chwi. Alianza kati akazunguka, akazunguka, duara likakua kama chapati. Akamvisha Kigae, akashusha marinda mpaka sakafuni, miguu ikapotea, kichwa kikapotea. Ukimtazama ungeapa ni stuli ya sebuleni.

"Usitoe kichwa, mwanangu. Fikiria lile swali langu."

Kikabaki kitu kimoja, kufunga uzi. Wafumaji wanajua kwamba kazi ya kroshia isipofungwa fundo la mwisho, ukiuvuta uzi inafumuka yote, kitanzi kwa kitanzi, mpaka ulikoanzia. Lakini mlangoni sauti ilikuwa imekwisha kusema, "Hodi humu ndani!" na ncha ya uzi ikabaki inaning'inia.

"Karibuni. Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," akasema Kiboko, akiingia kwa awamu tatu. Akakalia kochi. Kochi lililokuwa la watu watatu likawa la mmoja.

Nyuma yake akaja Karani Fisi, daftari kwapani, muhuri mfukoni, amevaa koti la ofisi lenye vifungo vitatu, kimoja kikiwa bado kinafanya kazi. Akanyanyua pua.

"Nanusa kobe."

"Unanusa viazi, Karani," akasema Bi. Kanga.

"Viazi nasikia harufu yake. Chini yake kuna kobe."

"Kaa upumzike kwanza," akasema Bi. Kindi. "Mgeni hanusi akiwa wima."

Fisi akatafuta pa kukaa. Akaiona stuli ya bluu. Akaikalia, akafungua daftari magotini, akaanza kuandika. Akaandika, akainua macho, akakunja uso.

"Mheshimiwa, ukuta unatembea."

"Kunywa chai, Karani."

"Chai imenipita, Mheshimiwa. Niliiona hapa, sasa iko kule."

Ukweli ni kwamba Kigae hakupenda kukaliwa. Alikuwa ameamua kwenda zake bustanini kwenye mchicha, na Fisi alikuwa juu ya uamuzi huo. Dakika chache baadaye karani alikuwa kizingitini, kalamu mkononi.

"Unakwenda wapi?" akauliza Kiboko. "Nani amekuruhusu kuondoka?"

"Sijaondoka, Mheshimiwa. Nimeondolewa."

"Ah, samahani," akasema Bi. Kindi. "Ndivyo kilivyo hicho kiti. Mgeni akimaliza shughuli, kinamsindikiza mlangoni. Kina adabu kuliko mimi."

Kiboko akaweka kikombe chini. Macho yake madogo yakang'aa.

"Kiti kinachojiendesha! Na mimi, kwa cheo changu hiki, kila siku natoka ofisini mpaka bwawani kwa miguu. Karani, ondoka hapo. Nikikalie."

Akainuka. Akakifuata kizingitini, akageuka. Wanangu, makalio ya Kiboko yalikuwa mapana kama mlango wa ghala, na chini yake, ndani ya marinda ya bluu, Kigae alikuwa anawaza rangi. Bi. Kanga akafunika macho kwa mabawa. Sauti ya Bi. Kindi ikatoka tamu kama chai ya wageni.

"Mheshimiwa, utakalia kitu ambacho hakipo?"

Makalio yakasimama njiani.

"Hakipo vipi? Nakiona."

"Unakiona, lakini kwenye daftari kimo? Kwenye mkutano wa juzi ulisema mwenyewe: kisichomo daftarini hakipo. Tukapiga makofi."

"Nilisema," Kiboko akakubali, kwa fahari kidogo. "Mlipiga sana?"

"Mpaka mikono ikawaka."

"Karani! Andika."

Fisi akafungua ukurasa mpya. "Jina la kifaa?"

"Kiti," akasema Kiboko.

"Rangi, bluu. Miguu?" Fisi akainama, akanyoosha kucha kwenye marinda. "Nifunue kidogo nihesabu?"

"Karani! Umelelewa wapi wewe?"

"Samahani, Mheshimiwa. Basi naandika minne. Kasi?"

"Ya kiungwana," akasema Bi. Kindi.

"Mmiliki?"

"Bi. Kindi wa Nyasi Ndefu."

Fisi akapumulia muhuri, hhaa, akaugonga. Pu! Kiboko akaweka saini ndefu yenye mkia. Bi. Kindi akapewa nakala, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha redio, ambako hakuna mgeni angeigusa.

"Sasa kipo," akasema Kiboko. "Nipisheni."

"Sasa hukikalii tena, Mheshimiwa."

"Kwa nini tena?"

Bi. Kindi akamkunjulia lile tangazo, akamwekea kidole kwenye la tatu. Kiboko akasoma. Akarudia kusoma, safari hii midomo ikitembea.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

"Saini ni hii hapa, Mheshimiwa. Ile yenye mkia."

Kiboko akakohoa. "Ukiusoma vizuri, si upuuzi. Twende, Karani. Nyumba hii haina kobe."

Hapo Bi. Kindi akashusha pumzi, na hapo ndipo alipaswa kungoja kidogo. Fisi alipopita kwenye kiti, ile ncha ya uzi ilijizungusha kwenye kifungo chake kizima. Hakujua. Akatoka mlangoni, akakata uwanja, na nyuma yake kitambaa kikaanza kufumuka.

Tirrrrrrr.

Marinda yakaondoka. Tirrrrrrr. Ikaonekana miguu minne. Fisi alikuwa ameandika sawasawa. Tirrrrrrr. Likaonekana gamba lote, lina vigae vyake, linang'aa kwa mafuta ya nazi ambayo Bi. Kindi hulipaka kila Alhamisi. Mwisho kikatoka kichwa, kikatazama huku na huku, kikampiga Kiboko jicho, kikaanza kutafuna upindo wa suruali yake.

"Karani," akasema Kiboko polepole. "Rudi."

Fisi akarudi amejifunga bluu tangu kiuno mpaka shingo. Alipoona, mate yakamdondoka, to, to, to.

"Kobe! Nilisema! Pua hii haijawahi kunidanganya. Nimbebe, Mheshimiwa?"

Bi. Kindi akaruka akasimama juu ya gamba la Kigae. Hata hapo alimfikia Kiboko gotini tu.

"Bi. Kindi," akanguruma Kiboko, "hiki ni nini?"

"Mimi ni mfumaji tu, Mheshimiwa. Habari za kila kitu na jina lake ziko kwenye daftari. Karani, tusomee."

Fisi akafunua ukurasa, akasoma, sauti ikipungua kila neno. "Kiti. Rangi, bluu. Miguu, minne. Kasi, ya kiungwana."

"Lakini kina kichwa!" akasema Kiboko. "Na kinakula suruali yangu!"

"Mheshimiwa hakuuliza kinakula nini. Kinapenda zaidi mchicha." Bi. Kindi akajikuna sikio. "Lakini kama si kiti, jambo ni dogo. Karani ageuze ukurasa, aandike: Mheshimiwa Mtendaji amekosea. Apige muhuri, Mheshimiwa utie saini, nibaki na nakala. Bi. Kanga ataibandika sokoni."

"Gundi ninayo," akasema Bi. Kanga.

Ilisikika tu suruali ikitafunwa. Kiboko alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili bila kosa hata moja, na jambo hilo lilijulikana kwa hakika, kwa kuwa daftari la makosa alilitunza yeye.

"Karani. Mimi huwa nakosea?"

"Haijawahi kuandikwa, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo?"

Fisi akamtazama Kigae. Akatazama mate yake sakafuni. Akameza yaliyobaki.

"Kwa hiyo ni kiti."

"Na ni kiti kizuri," akasema Kiboko, akivuta suruali yake kutoka mdomoni mwa samani. Wakaondoka, mmoja na upindo uliopungua, mwingine akiburuta uzi.

Alasiri ile ile Bi. Kindi alifanya jambo ambalo majirani walilisimulia miaka mingi: alivua nyumba yake vitambaa. Redio ikabaki uchi, mtungi ukabaki kichwa wazi. Akabeba vitambaa tisa mpaka ofisini pamoja na Bi. Kanga, wakaingia stoo, wakatoka.

"Tumefuata viti vyetu," akasema Bi. Kindi. "Vimesahauliwa humu tangu Jumatatu."

Fisi akachungulia stoo. Vilikuwa tisa, vimevaa vizuri sana. Cha Bi. Kanga kilivaa ile sketi ya chupa ya chai, ikikibana kidogo kiunoni. Karani akafikiria kwenda kumwita Mheshimiwa. Akafikiria tena. Akafungua daftari, akaandika mara tisa, akilia kwa adabu ili wino usichafuke.

Jumamosi kibali cha kuni kikasainiwa, na vitunguu vikachemka peke yake. Ripoti iliyopelekwa juu ilisema hivi: Kata ya Nyasi Ndefu haina kobe. Ina viti kumi, vyote vina afya njema.

Lakini turudi nyuma kidogo: jioni ya Ijumaa ile ile, baada ya kutoka ofisini, Bi. Kindi alikaa sebuleni mwake na ule uzi wa bluu aliourudishiwa na Fisi, akaufungua mafundo moja baada ya jingine, akauzungusha upya kuwa donge, akashika sindano, akaanza duara la kwanza.

Kigae akafumbua macho. Akatoa kichwa chote. Akafungua mdomo.

"Njano," akasema.

Basi wanangu, mkubwa asiyeweza kusema "nimekosea" huendeshwa na yeyote aliyetunza nakala.