Chapa ya Marehemu Lugembe

Sogeeni. Mwenye usingizi akanawe uso kabisa, maana nikimaliza nitataka jibu, na jibu la kupiga miayo silipokei.

Nyamizi, mjane wa mrina asali Lugembe, alikuwa na watoto watatu. Maganga alijaliwa mikono: gogo lililowashinda wengine, yeye alilitoboa likawa mzinga. Kalunde alijaliwa miguu. Akisema atafika, atafika. Mihayo, kitinda mimba, alijaliwa kichwa kigumu, na hapo mama yake hakujua kama ni kujaliwa au ni hasara.

Moto wa porini uliteketeza mizinga yote ya marehemu. Kilichopona ni chuma chake cha kupigia chapa, kilichokuwa nyumbani. Kwa desturi yao, mzinga usio na chapa hautundikwi katika msitu wa ukoo, na chapa hurithiwa na mtoto mmoja tu. Wengine huenda kutafuta msitu ugenini. Nyamizi alikificha chuma uvunguni, na kila alipokigusa akifagia, alikisukuma ndani zaidi. Hakutaka kumpoteza hata mmoja.

Masika, Maganga alichonga mzinga wa mninga, akaupaka nta ndani. Nyamizi akaupiga chapa kwa jina la marehemu, jambo lililoruhusiwa mara moja tu. Maganga akautundika mtini, na kundi la nyuki likaingia.

Maua yalipoisha, masega yalikuwa yamejaa. Maganga na Kalunde wakaja na moshi na ndoo. Wakamkuta Mihayo shinani pa mti, kamba ya kupandia ameificha.

"Kamba iko wapi?"

"Sitoi. Asali ya mwaka huu ni ya nyuki wenyewe. Tukirina, wakati wa njaa watakula nini?"

"Mvivu wewe, umepata kisingizio!" Maganga akafoka.

Nyamizi naye alimgombeza, tena mbele ya majirani. Kamba haikutoka.

Kiangazi kikaja kikali. Mto ukakauka, nyuki wa majirani wakahama. Kila alfajiri Kalunde alijitwika maji kutoka kisima cha mbali, akayamimina kwenye chano chini ya mti na kuweka vijiti ndani ili nyuki wasizame. Utosi ulimchubuka. Mvua nayo ikachelewa, maua yakapukutika kabla ya kufunguka. Nyuki wakanywa maji ya Kalunde na kula asali yao wenyewe.

Mvua iliponyesha hatimaye, mzinga ulikuwa umefurika nyuki. Asubuhi moja nusu ya nyuki wakatoka na malkia wao, wakajikusanya kwenye tawi. Maganga alikuwa na mzinga mpya tayari, ila hauna chapa, na sasa mrithi tu ndiye angeweza kuupiga.

"Bila mzinga wangu wangeingia wapi?" akasema.

"Na bila maji yangu wangekuwa wapi leo?" akajibu Kalunde.

Mihayo alileta ile kamba, akaiweka miguuni pa mama yake.

Nyamizi akatia chuma motoni mpaka kikawa chekundu. Akawatazama wanawe mmoja mmoja, akatamani moto ule wa porini ungekila na chuma chenyewe. Tawini nyuki wakaanza kuvuma.

"Mama, wanaondoka!" wakapaza sauti wote watatu.

Akakishika chuma kwa kitambaa, akanyoosha mkono.

Msinitazame mimi, mimi nimesimulia tu. Haya, wewe: ungempa nani chuma kile? Na wawili gani ungewafungia mizigo ya safari?