Mtama Katikati ya Karanga za Kidawa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya juzi, alikuwapo mjane mmoja aliyeitwa Kidawa, na Kidawa alikuwa na kibuyu. Ndani yake mlikuwa na karanga ndogo nyekundu alizoachiwa na mama yake, mbegu ambayo kijiji kizima hakikuwa nayo tena. Kila msimu watu walikuja kwake kuomba, naye aliwapa kwa kiganja, si kwa kikombe. Alikuwa mchoyo kidogo, tusimfiche.

Mwaka huo akazipanda zote kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, penye udongo mweupe wa chokaa. Zikaota vizuri, kisha majani machanga ya juu yakaanza kuwa njano, mishipa tu ikabaki kijani. Kidawa akafanya kama alivyofundishwa kwao, kwenye udongo mwekundu: akamwaga majivu ya jikoni. Karanga zikazidi kupauka. Akaongeza majivu. Zikapauka hadi zikakaribia weupe wa udongo.

Hapo akaingiwa na hofu ya kweli. Akasimama kisimani mbele ya watu, akaweka nadhiri: "Atakayeliponya shamba langu, kibuyu cha mbegu ni chake. Mimi nitakwenda kwake kuomba kama wengine." Afadhali mbegu iishi mkononi mwa mtu mwingine kuliko kupotea kabisa, ndivyo alivyojiambia akirudi nyumbani huku analia.

Sasa shemeji yake Mbaruku, ndugu wa marehemu, alikuwa akilimezea mate shamba lile siku nyingi. Kwa desturi yao, mwenye mazao yaliyosimama shambani ana la kusema juu ya shamba. Kidawa alipokwenda kumuuguza shangazi yake, Mbaruku akaingia na jembe, akapanda mtama katikati ya mistari ya karanga, nusu nzima ya shamba. Kidawa kurudi, anaukuta umeota. Akashtaki. Wazee wakamwona Mbaruku ana makosa, wakaamuru mtama ung'olewe, na kazi hiyo akapewa Shekue.

Lo, Shekue! Mtu mwema, lakini kwake kila kazi ni ya kesho. Umuulize leo, kesho. Umuulize hiyo kesho, mgongo unamuuma. Mtama ukafika magotini, ukapita magoti, Shekue bado anatafuta jembe lake.

Kidawa akachoka kungoja. Asubuhi moja akajifunga kibwebwe, akaenda kuung'oa mwenyewe. Alikuwa ameshashika shina la kwanza wakati Mwanamize, wifi yake, dada yake Mbaruku, alipopita na mzigo wa kuni. Mwanamize akautupa mzigo akamdaka mkono.

"Wifi, hebu tazama chini kabla hujang'oa. Karanga zilizo karibu na mtama ni za kijani. Zile za kule, zilizo peke yake, bado njano. Ukiung'oa huu umezing'oa na zako."

Kidawa akatazama. Kwa kuuchukia ule mtama, alikuwa haziangalii tena karanga zenyewe. Kweli, zilikuwa kijani, majani machanga na yaliyokomaa. Akakaa palepale udongoni, akacheka, akalia, akacheka tena.

Siku hizi waliosomea mimea wanatueleza. Chuma, madini yanayoyapa majani ukijani wake, kilikuwamo shambani, tena kingi, ila chokaa ilikuwa imekifunga. Karanga hutoa maji makali mizizini ili kukifungua, lakini chokaa huyazima maji hayo, na majivu ya Kidawa yalizidi kuyazima. Mtama una njia yake: mizizi yake hutoa kitu kinachokishika chuma na kukivuta, na karanga za jirani nazo zikapata kula humo. Kidawa hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba amepona.

Nusu yenye mtama ikazaa, kibuyu kikajaa hadi shingoni. Ndipo watatu wakaja kuidai nadhiri.

Mbaruku akasema, "Shemeji, shamba ni lako, hilo limekwisha. Na sikuja kukutendea wema, sikatai. Lakini mtama uliokuponya niliupanda kwa mkono huu. Ulisema atakayeponya. Hukusema mwenye nia njema."

Shekue akasema, "Dada, mtama wake ulihukumiwa kufa, na wa kuuua nilikuwa mimi. Ningekuwa mchapakazi, leo ungevuna vumbi."

Mwanamize akasema, "Wifi, hawa hawakujua walitendalo. Huyu alikuwa mwizi, huyu alikuwa amelala. Mkono wako ulikuwa tayari kwenye shina, na aliyeushika ni mimi, nikijua kwa nini naushika."

Kidawa alikuwa mlangoni, kibuyu mapajani, moyo mweupe. Mbegu ya mama yake ilikuwa hai. Furaha hiyo ilimfanya awapikie uji wote watatu, hata Mbaruku. Wakanywa, wakaweka bakuli chini, wakamtazama. Mawingu ya kupandia yalikwishatanda, na nadhiri ilikuwa imesikiwa na kila mtu kisimani.

Haya, nyie mnaocheka hapo nyuma, msimwachie mjane mzigo huu peke yake. Mkorofi aliupanda, mvivu akauacha, mwenye macho akautambua. Je, nani alistahili kibuyu? Kesho Kidawa akaombe mbegu ya mama yake kwenye mlango wa nani?